Pevingi au zege: kipi kitandikwe kati ya geti na baraza?

Mwenye nyumba anayetaka kuachana na tope la masika na vumbi la kiangazi huanza kwa kuuliza bei ya mita ya mraba. Bei ina mahali pake. Lakini yapo maswali mawili yanayotangulia, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama pesa hiyo utaitoa mara moja au mara mbili. Je, udongo ulio chini unacheza? Na je, kuna kitu kimefukiwa hapo ambacho siku moja kitadai kuchimbuliwa: bomba, waya wa umeme, chemba, shimo la maji taka?

Zege ni jiwe moja pana. Likilala juu ya ardhi iliyotulia halikusumbui miaka na miaka, lakini ardhi ikisogea linapasuka, na ufa wa zege hauzibwi ukapotea. Pevingi, ambazo Wakenya wanaziita kabro, ni maelfu ya mawe madogo yaliyobanana kwa mchanga. Ardhi ikisogea zinabonyea au kuinuka, sura inaharibika, ila utazing'oa, utarekebisha chini na kuzirudisha zilezile. Tofauti nyingine nyingi zinatokana na hiyo moja.

Anza na udongo

Chimba shimo la nusu mita. Chukua tonge la udongo, lilowanishe, liviringishe kiganjani. Likitoka kamba nyembamba kama penseli isiyokatika, huo ni mfinyanzi mwingi. Mfinyanzi mweusi, kama ule wa Kitengela na Athi River huko Kenya, unavimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi hadi unaacha nyufa za kuingiza mkono. Kumwaga zege juu yake bila kuuondoa ni kuzika pesa. Uondoe sentimita 30 kwa uchache, zaidi ukiweza, ujaze moramu (changarawe ya udongo, kama ile ya barabara za vumbi) kwa matabaka, na hata baada ya hapo pevingi ndiyo salama zaidi, maana mchezo mdogo utakaobaki utarekebishika.

Udongo wa kichanga wa ukanda wa pwani ni rafiki. Ukimwagiwa maji na kushindiliwa vizuri unabeba chochote kati ya hivi viwili. Hapo uchaguzi unabaki kuwa wa matumizi na mfuko wako.

Kuna sehemu moja inayosahaulika hata kwenye ardhi nzuri: ukanda unaopakana na ukuta wa nyumba, upana wa nusu mita hadi mita moja. Pale ulichimbwa mtaro wa msingi, halafu ukajazwa kifusi kwa beleshi bila kushindiliwa. Ndipo panapotangulia kuzama. Pevingi zitaonyesha bonde linaloelekeza maji ukutani. Zege litaning'inia juu ya uwazi kisha litakatika sambamba na ukuta. Fukua ukanda huo, jaza upya kwa matabaka ya sentimita 10, kila tabaka lishindiliwe likiwa na unyevu. Fanya hivyo hivyo pembeni mwa shimo la maji taka.

Hesabu ya uwanja wa mita 6 kwa 10

Tuchukue mita za mraba 60, za kuegesha magari madogo mawili na watu kupita.

Kwa pevingi za mstatili, milimita 200 kwa 100, mita moja ya mraba inakula 50. Hizo ni 3,000. Ongeza asilimia 5 ya kukata na kuvunjika, agiza 3,150. Unene wa milimita 60 unatosha gari dogo. Chini yake moramu ya sentimita 15 iliyoshindiliwa: mita za ujazo 9, lakini moramu iliyolegea kwenye tipa hushuka ikishindiliwa, kwa hiyo nunua kama 12. Mchanga wa kutandikia na wa kujaza mianya ni mita za ujazo 2.5 hivi. Ukingo kuzunguka pande zote ni mita 32, na zege la kuushikilia litakula mifuko 5 ya saruji.

Kwa zege la unene wa sentimita 10 unahitaji mita za ujazo 6. Na upotevu, 6.5. Mchanganyo wa 1 kwa 1½ kwa 3 (saruji, mchanga, kokoto) unakula mifuko 8 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani mifuko 52, mchanga mita za ujazo 2.7 na kokoto 5.5. Moramu ya chini, sentimita 10 baada ya kushindiliwa, nunua mita za ujazo 8. Ongeza mbao za fomu, za kuzuia zege pembeni, na, ukipenda, wavu wa chuma wa BRC.

Linganisha jumla kwa jumla. Wengi wanachukua bei ya pevingi kiwandani na kuiweka kando ya bei ya saruji dukani, wakasahau ukingo, moramu, kukodi kompakta (mashine ya kushindilia) na usafiri. Pevingi za uwanja huu zina uzito wa tani 8 na ushei, basi uliza mapema kama bei uliyotajiwa inaishia kiwandani au inafika getini kwako, na nani anashusha.

Kama ndani ya geti huingia boza la maji au gari la kunyonya maji taka, hesabu hiyo haitoshi. Boza la lita 10,000 linabeba tani 10 za maji tupu, bado gari lenyewe. Hapo pevingi ziwe milimita 80 na zege liwe sentimita 15, na moramu iongezwe. Njia nafuu ni kuamua boza litasimama wapi, uimarishe mkondo huo peke yake.

Kuzijua pevingi kabla ya kulipa

Pevingi nzuri na mbaya zinafanana rangi. Mzani hauwezi kudanganywa. Tofali la milimita 200 kwa 100 kwa 60, likiwa kavu na limebanwa sawasawa kwenye mashine, lina kilo 2.7 hivi. Pima kumi kutoka sehemu mbalimbali za rundo. Zikiwa chini ya kilo 2.5, ndani zina vitundu vingi na kona zitameguka. Kisha loweka tatu usiku na mchana mzima, zifute, uzipime tena: kiwango cha Ulaya cha EN 1338 kinaruhusu tofali kunywa maji yasiyozidi asilimia 6 ya uzito wake, yaani kama gramu 160 kwa tofali la kilo 2.7.

Gonganisha mbili. Zilizokomaa zinatoa mlio mkali kama wa kigae. Mlio wa kufifia ni wa tofali bichi. Panga marundo mawili ya tofali kumi kumi, uyasimamishe pamoja. Kimo kikitofautiana zaidi ya sentimita moja, sakafu yako itakuwa ya kujikwaa. Mwisho vunja moja uone rangi. Kuwa na tabaka la rangi juu si kosa, mradi liwe na unene wa milimita kadhaa. Rangi iliyopakwa kama ya ukutani itaondoka na tairi.

Kosa linaloua pevingi

Ukiona mbele ya nyumba pevingi zina mifereji miwili pale tairi zinapopita, usilaumu tofali. Fundi alikuta moramu ina mabonde, na badala ya kuisawazisha akaweka mchanga mwingi: hapa sentimita 3, pale 12. Mchanga mnene hushuka zaidi ya mchanga mwembamba, kwa hiyo miezi michache baadaye juu panachora ramani ya mabonde yaliyofichwa chini.

Mteremko na usawa vinatengenezwa kwenye moramu. Ishindiliwe kwa matabaka ya sentimita 7 hadi 10, ikiwa na unyevu kiasi kwamba ukiifumbata inashikana bila kuchuruzika. Ukikanyaga kwa kisigino isiache alama. Vuta kamba juu yake: pengo kati ya kamba na moramu lisipishane zaidi ya sentimita moja uwanja mzima. Hapo tu ndipo mchanga unaruhusiwa kuingia.

Mchanga uwe wa mtoni, wenye chembe kali, usio na udongo. Laza mabomba mawili ya kipenyo cha sentimita 4 kama reli, mwaga mchanga, buruta rula juu yake, toa mabomba na kujaza njia zake. Baada ya hapo hakuna mguu unaokanyaga mchanga huo. Fundi anasonga mbele akisimama juu ya tofali alizokwisha kuzipanga. Mianya ibaki milimita 2 hadi 5. Kwenye njia ya gari tofali za mstatili zipangwe kwa mtindo wa mifupa ya samaki, kila moja ikikaa mraba na mwenzake, kwa sababu mistari iliyonyooka inasukumwa na tairi zinapokata kona. Zile za zigizaga zinashikana zenyewe.

Vipande vya pembeni vikatwe kwa grainda, visiwe vidogo kuliko theluthi ya tofali. Kuziba mapengo kwa udongo wa saruji ni njia ya mkato. Viraka hivyo ndivyo vinavyong'oka kwanza na kufungua mlango kwa wenzake. Ukingo ukae kwenye zege na uwe umeshika kabla kompakta haijapita, la sivyo safu za mwisho zitatanuka na mchanga utatoroka. Pitisha kompakta mara mbili, fagia mchanga mkavu mwembamba mpaka mianya ijae, pitisha tena mara mbili. Rudia kufagia baada ya wiki mbili, maana mchanga utakuwa umeshuka.

Wapo wanaotandika nailoni chini ya mchanga ili majani yasiote. Majani hayo hayatoki chini. Ni mbegu zinazoletwa na upepo na kuota kwenye vumbi la mianya. Nailoni itakachofanya ni kuzuia maji yasishuke, mchanga ubaki umelowa, na kila gari likipita uchoropoke kupitia mianyani. Wanaochanganya saruji kavu kwenye mchanga nao wanajinyang'anya faida kubwa ya pevingi, kwa kuwa siku ya kuzing'oa zitatoka na mabonge ya saruji na hazitarudi zilivyokuwa.

Yanayoharibu zege

La kwanza ni maji. Mfuko wa kilo 50 unataka lita 25: ndoo moja na robo, na ukitumia mchanga uliolowa punguza. Vibarua wanapenda zege la majimaji kwa sababu linatambaa lenyewe, lakini maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, zege linasinyaa, linapasuka, na juu linatoa vumbi jeupe milele. Zege la uwanjani lisimame kwenye beleshi kama ugali wa wastani. Likiwa kama uji, lirudishwe.

Kipimo cha toroli lililojaa kilima si kipimo. Pigilia boksi la mbao lenye ndani sentimita 35 kwa 33 kwa 30. Ujazo wake ni sawa na mfuko mmoja wa saruji. Kila mfuko: boksi moja na nusu la mchanga, maboksi matatu ya kokoto za milimita 20.

La pili ni viungio, yaani mikato ya makusudi inayogawa zege vipande. Zege lazima lisinyae, na usipolichagulia pa kukatika litajichagulia lenyewe, kwa kawaida kuanzia kona ya nyumba au kona ya mfuniko wa chemba. Kwa unene wa sentimita 10, kipande kisizidi mita 3 upande wowote, na kiwe karibu na mraba. Uwanja wetu wa 6 kwa 10 unagawanyika vizuri kuwa vipande 8 vya mita 3 kwa 2.5, kila kimoja kikila mifuko 6. Vimwage kwa kuruka kimoja kama ubao wa dama: vinne leo, vinne vingine hivi vikishashika. Ukimwaga kwa mkupuo, kata viungio kwa grainda kina cha sentimita 2.5, siku ileile jioni au alfajiri inayofuata. Ukingoja siku tatu nyufa zitakuwa zimekutangulia. Zege likipakana na ukuta au nguzo, weka kati yake boya la styrofoam la sentimita moja ili visisukumane.

Kuhusu wavu: watu wanauwekea imani kubwa kuliko kazi yake. Hauzuii ufa, unaushika usitanuke. Na unaushika pale tu ukiwa theluthi ya juu ya unene. Ukilazwa kwenye moramu na kukanyagwa na vibarua haufanyi kitu. Tumia biskuti, yaani vipande vidogo vya saruji, kuuinua. Gari dogo, moramu iliyoshindiliwa na viungio vya mita 2.5 hadi 3 vinatosha bila wavu, na pesa hiyo inalipa zaidi ikienda kwenye moramu. Pwani ongeza tahadhari moja: maji ya kisima yenye chumvi na mchanga wa baharini huozesha chuma, kutu inavimba na kubandua zege juu. Kama maji ya chumvi ndiyo pekee uliyonayo, usiweke chuma humo, au chagua pevingi, ambazo hazina chuma.

La tatu ni mwisho wa kazi. Maji yanayopanda juu baada ya kusawazisha yaachwe yakauke yenyewe. Fundi anayenyunyizia saruji kavu ili ayakaushe haraka anatengeneza ngozi itakayobanduka. Usipige niru, saruji laini ya kung'arisha, nje. Inapendeza siku ya kwanza, ikinyeshewa mtu anateleza. Buruta ufagio wa chelewa juu ya zege lililoanza kushika, mistari ikikata njia ya gari, na miguu na tairi vitapata pa kushika.

Halafu siku 7 za maji. Kumwagilia asubuhi tu hakutoshi, saa sita jua la Januari limekausha kila kitu. Funika kwa nailoni au magunia na uyaweke yamelowa muda wote. Mtu atapita kesho yake, gari lisubiri siku 7 hadi 10, lori siku 28. Pevingi kwa upande huu zinashinda wazi: kompakta ikishapita na mianya ikajaa, gari linaingia jioni hiyohiyo. Kwa nyumba yenye geti moja na mgonjwa anayepelekwa kliniki kila wiki, hilo si jambo dogo.

Maji ya mvua

Inasemwa sana kwamba pevingi "zinanyonya maji", na watu wanaacha mteremko. Pevingi za kawaida zinapitisha maji kidogo kupitia mianya zikiwa mpya, kisha vumbi linaiziba. Mvua ya masika itatiririka juu yake karibu kama inavyotiririka juu ya zege. Zote mbili zinataka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, ukitoka kwenye nyumba. Kwa urefu wa mita 10 hiyo ni tofauti ya sentimita 20, kwa hiyo pima kwa mpira wa maji kabla ya kuchimba. Pengine utagundua geti liko juu kuliko baraza, na mtaro unatakiwa katikati.

Sakafu ya nje ibaki chini ya sakafu ya ndani, na chini ya karatasi ya kuzuia unyevu ukutani, kwa sentimita 15. Ndiyo maana kuchimba hakukwepeki: sentimita 24 kwa pevingi (6, 3 na 15), 20 kwa zege. Anayetandika juu ya ardhi ilivyo, bila kuchimba, anainua uwanja, na ukuta utaanza kubabuka rangi kutoka chini.

Kila kimoja na mahali pake

Pevingi ziende juu ya mabomba, karibu na chemba, kwenye ardhi ya kifusi, na mahali gari linapoegeshwa, kwa kuwa doa la oili linaondoka kwa kubadilisha tofali kumi. Nunua za akiba 50 na uziweke stoo, maana rangi ya mwaka kesho haitalingana. Karibu na mwembe au mkungu pia ziende hizo: mizizi itaziinua, utazitoa, utaongeza moramu pembeni na kuzirudisha. Zege likiinuliwa na mzizi linabaki kuvunjwa. Lakini pevingi zinadai kufagiwa mchanga mara moja moja, kung'olewa majani, na kuvumilia sisimizi wanaotoa mchanga mianyani.

Zege liende uani, penye karo la kufulia na jiko la nje, ambapo mafuta, sabuni na mabaki ya chakula vinatakiwa kufagiliwa vikaisha. Liende kwenye kipando kikali cha kutoka barabarani. Pevingi kwenye mteremko zinasogea chini kidogo kidogo, na ukitaka kuzitumia hapo anza kuzipanga kutoka chini kwenda juu, na ukate mteremko kwa mihimili ya zege. Liende pia kwenye njia nyembamba pembeni mwa nyumba, ambako ukingo wa pande mbili ungegharimu kuliko tofali zenyewe.

Vikikutana, mwaga zege kwanza. Ukingo wake ulionyooka utakuwa ukingo wa pevingi upande huo, bila gharama nyingine. Pevingi zikimaliza kushindiliwa ziache zikiwa juu kuliko zege, na kuliko mifuniko ya chemba, kwa nusu sentimita. Zitashuka kidogo miezi ya mwanzo, na mwaka ukiisha vitakuwa sawasawa.